Mabao Saba ya Rukanga na Kanuni ya Mzee Obadiah

Mheshimiwa Diwani wetu, Bwana Stesheni Masta, Mchungaji na Sheikh, ambao leo mmekaa benchi moja, wazee mlioshuka kutoka Wusi kuja kumchukua mtu wenu, ndugu wanachama wa Ligi ya Karatasi, akina mama, wafanyakazi wenzangu wa reli, na wewe mama uliyeketi safu ya kwanza, ambaye jina lako sitalitaja kwa sababu mimi ni mkweo: nawasalimu wote, kila mtu kwa heshima yake.

Nimepewa dakika kumi. Naona wanaonijua wameanza kucheka. Chekeni tu, lakini leo sikuja kuwachekesha, nimekuja kumuaga Mzee Obadiah Mwandoe, nyapara wa kikosi cha njia, aliyetembea juu ya reli hii miaka thelathini na moja, na pia nimekuja kutetea kanuni yake kabla hamjaizika.

Maana nimesikia! Baada ya chakula wanachama mtapiga kura. Francis wa tiketi na vijana wenzake wanasema Mzee akienda zake Wusi, kanuni ya nyumbani nayo iende. Wanasema siku hizi timu zinasafiri kwa basi, viwanja vimesawazishwa, bao ni bao popote lilipofungwa. Francis, mwanangu, ulikuwa bado mtoto wa shule wakati kanuni hiyo inatungwa. Tulia nikueleze.

Wageni waalikwa msiojua ligi yetu, msihofu, ni jambo rahisi. Ni ligi isiyo na mpira. Msimu ukianza, watu kumi na wawili tunakaa kantini pale, na kila mmoja anachagua wachezaji kumi na mmoja kutoka timu za kweli za wilaya hii, beki wa Wusi, winga wa Mwatate, mshambuliaji wa Taveta, anawaandika kwenye karatasi, na hiyo ndiyo timu yake. Wenyewe hata hawajui kwamba wameandikwa. Jumapili wanacheza huko kwao, Jumatatu matokeo yanafika hapa stesheni, nasi tunagawana pointi. Mchezaji wako akifunga bao, unapata mbili. Golikipa wako akifungwa, unakatwa moja kwa kila bao. Mke wangu Wakesho husema huu ni mchezo wa watu wazima waliokosa shamba la kulima. Simpingi.

Basi mimi, Thadeus Kitheka, ambaye leo mnaniona karani wa mizigo mwenye kitambi, nilikuwa golikipa wa Marungu. Tena golikipa haswa! Mwaka wa sitini na saba niliandikwa kwenye karatasi ya kwanza kabisa, kabla ya mshambuliaji yeyote. Halafu ikaja ile Jumapili ya Julai, sitini na nane, tukaenda kucheza Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na nikafungwa mabao saba.

Saba, jamani. Matano ya mtu mmoja, Donald, ambaye kwa mguu wa kushoto hakuweza hata kufungua mlango.

Mnajua watu walisema nini? Walisema Kitheka ameuza mechi. Na walikuwa na sababu, maana Wakesho ni binti wa Rukanga. Wakasema, amewapa wakwe zake zawadi. Nikiingia kantini watu wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka sita, kisha wananyamaza wote wananitazama. Nahodha wangu wa Marungu alininyang'anya glovu mkononi. Sikudaka tena mpira tangu siku ile. Niliogopa hata kwenda kanisani, Mchungaji unanijua, haukuwa uvivu tu. Jina la mtu likishaoza hivyo, mke wake anakula huo uozo pamoja naye, na wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Sasa, kantini ubishi ukawaka. Je, mtu akicheza nyumbani kwao, bao lake lihesabiwe sawa na la mtu aliyetoka mbali? Mwanachama mmoja, Philemon, alisema nyumbani kuna faida ya bao zima. Mwenzake Wambua alisema hakuna faida yoyote, mpira ni duara kila mahali. Walipigiana meza mpaka chai ikamwagika. Mzee Obadiah aliwaacha wabishane, yeye aliyekuwa ameshinda kombe la mwaka ule, tena kwa mabao yale matano ya Donald. Mwishoni akauliza, "Kuna mtu amekwenda kuona?"

Nani akaone?

Ndugu zangu, yule mtu alikwenda kuona. Mwaka mzima wa sitini na tisa, kila Jumapili yake ya mapumziko, alipanda baiskeli, akafunga pimamaji lake la kupimia usawa wa reli kwenye keria, akazunguka wilaya hii kiwanja kwa kiwanja. Mimi mpaka leo nikifikiria nasisimka. Hakutumwa na mtu. Hakulipwa chochote. Alitaka tu kujua nyumbani kuna uzito gani!

Alianza kwao Wusi, na hakuwapendelea. Aligundua kiwanja cha Wusi kimeinama futi nne kutoka goli hadi goli, na kwamba wenyeji wamezoea kupiga mpira wa juu kipindi cha kwanza ili mgeni achoke kuukimbiza kwenye migomba. Wazee wa Wusi, mnacheka, mnajua ni kweli! Akaja Marungu. Akaona saa kumi jioni ng'ombe wanakatiza uwanjani kwenda kunywa maji, na vijana wetu, mimi nikiwemo, tulikuwa tunapanga mashambulizi kwa saa ya ng'ombe. Yote aliandika kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, upepo, jua, mashimo, hata chakula. Ndiyo, chakula! Aliandika kwamba mahali fulani mgeni hulishwa kimanga, muhogo na maharage yaliyopondwa, sahani mbili kabla ya mechi, na kwa heshima hawezi kukataa, kisha anaambiwa akimbie.

Halafu akafika Rukanga. Akaweka pimamaji lake: kiwanja kimelala sawa kama sakafu. Akashika leso juu: hakuna upepo wa maana. Akakaa Jumapili tatu. Wageni walishindwa moja, wakatoka sare moja, wakashinda moja. Sasa yale saba yalitoka wapi?

Akaja nyumbani kwangu. Wakesho alimletea chai, akanywa yote, akasifu. Mimi nilikuwa nangoja kutukanwa, maana kila aliyekuja mwaka ule alikuja kunitukana. Akafungua daftari akaniuliza, "Bwana Kitheka, siku ile, nani alikaa wapi?"

Basi. Ni hivyo tu. Mwaka mzima watu waliniuliza nilipewa nini. Yeye aliniuliza nani alikaa wapi. Nililia, jamani. Mwanamume mzima, mbele ya vikombe.

Nitawaambia leo nilichomwambia. Sisi Wakamba, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Nikimwona anakuja njiani, naingia kichakani mpaka apite. Siwezi kumpa mkono, siwezi kumwita jina, na wala hapaswi kuniona nimevaa ovyo. Siku ile, refa alipopuliza kipenga, nikageuza shingo kidogo, nikaona kigoda kando ya mlingoti wa goli langu, hatua tatu tu, na juu ya kigoda amekaa mama mzazi wa Wakesho.

Na mimi niko ndani ya kaptura!

Niambieni, golikipa aingie kichaka gani? Nikiruka, naanguka chali mbele yake. Nikijitupa, miguu inakwenda juu mbele yake. Bao la kwanza lilipita umbali wa mkono, na mkono wangu ulikataa kunyooka. La pili nililisindikiza kwa macho. Nikasema moyoni, vumilia, kipindi cha pili tutabadilishana magoli. Tukabadilishana. Kigoda nacho kikahama!

Na ningemwambia nani? Nisimame Marungu niseme nimefungwa saba kwa sababu ya mama mkwe? Ingekuwa aibu kwake kuliko kwangu. Nilimwambia Mzee Obadiah peke yake, nikamsihi asiseme kwa mtu. Akaandika mstari mmoja, akafunga daftari, akapanda baiskeli.

Mwisho wa msimu alisimama kantini. Akasema, "Nimepima kila kitu kinachopimika. Kuna uzito wa nyumbani ambao pimamaji langu halikuuona, lakini upo. Bao la nyumbani lipewe nusu ya bao la ugenini. Golikipa akifungwa ugenini, akatwe nusu." Philemon akamwuliza kwa nini nusu. Akajibu, "Sijui." Watu wakaangua kicheko. Mwaka mzima wa baiskeli, halafu sijui! Akangoja kicheko kiishe, akasema, "Na kanuni ianze mwaka jana."

Mwaka jana, mabwana! Hesabu ikarudiwa. Mabao matano ya Donald yakakatwa nusu, na Mzee Obadiah akaanguka kutoka nafasi ya kwanza mpaka ya tatu. Kombe letu lilikuwa birika la aluminiamu. Alikuwa amelileta ndani ya mfuko wa mkeka, amelisugua likang'aa. Akamkabidhi Wambua, yule yule aliyesema mpira ni duara. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote akasema, "Kitheka hakuuza kitu. Nimeona mwenyewe." Akaulizwa ameona nini. Akasema, "Yako kwenye daftari," na daftari hakumfungulia mtu.

Miaka kumi na moja! Mmemwita mzee wa nusu, mmemwita mtu aliyejiibia birika, naye anacheka nanyi. Siku ile ile mtu mmoja wa Marungu alinipa mkono. Wiki iliyofuata wakawa watatu. Mtoto wangu alipoanza kutembea alikuta baba yake ana jina. Mimi sijaona mtu mwingine wa namna hii, na sitegemei kumwona.

Mtaniuliza kwa nini leo nasema hadharani. Agosti mwaka huu nilipeleka mbuzi na blanketi Rukanga, wazee wa pande zote mbili wakakaa, mwiko ule ukaondolewa kwa heshima. Sasa naweza kuketi na mama chumba kimoja, naweza kumtazama, na ruhusa ya maneno haya nimeipata kwake. Siku hiyo hiyo nilimwuliza neno lililonikaa kooni miaka kumi na miwili. Nilikuwa namlaumu Donald, nikiamini ndiye aliyepanga hila ile. Nikasema, "Mama, ni nani aliyekuweka pale golini?"

Akaniambia, "Hakuna aliyeniweka. Kigoda nilikibeba mwenyewe."

Nikasema, "Kwa nini, mama?"

Akasema, "Rukanga nzima ilikuwa inakuzomea, na wewe hukuwa na mtu. Nikasema, mimi nitakuwa mtu wake."

Wageni waheshimiwa, niacheni nipumue kidogo.

Jumatatu yake nilimpelekea Mzee Obadiah maneno hayo kule njiani, kikosi kikiwa kinabadilisha mataruma yanayobeba reli. Akavua kofia. Akakaa juu ya reli, yeye ambaye huwafukuza watu wanaokaa juu ya reli. Kisha akaniambia, "Kitheka, kumbe uzito wa nyumbani, niliposema nusu, niliukisia kidogo mno."

Wanachama, pigeni kura yenu mnavyotaka. Francis, una akili nyingi, nami sina namba ya kukupa. Mimi kura yangu ni kwamba kanuni ibaki, na daftari libaki kantini.

Bwana Stesheni Masta, nimezidisha dakika, niwie radhi. Nyote mlionitegea sikio, ahsanteni. Mzee Obadiah, ahsante, Mungu akufikishe Wusi salama. Na wewe mama, ahsante kwa kuja kwenye mechi.