Anayekwenda Kuthibitisha Yu Hai

Fundi cherehani alicheka hadi basi zima likageuka kumtazama. "Yaani babu, kodi yangu ndiyo pensheni yako, na unakwenda kuthibitisha hujafa?"

"Kila mwaka, mjukuu wangu," alijibu karani mstaafu. Kwa marehemu mtarajiwa, alikuwa amenyoa vizuri mno. "Ofisi ya pensheni wanafunga saa sita. Nikichelewa, faili linasema nimekufa, na malipo yanakatwa."

"Miaka ishirini unatunyonya! Si ufe tu kwenye faili, tupumue?"

"Na bibi yako ale nini, cherehani yako?"

Basi likakwama kwenye taa. Fundi akatazama saa: sita kasoro dakika tano. Akaruka kitini. "Dereva, kanyaga mafuta, unaniulia mzee!"

Liliposimama mbele ya ofisi, mzee alishuka mbio.

"Mwakani upande basi lingine!" fundi akampigia kelele dirishani.