Safari ya Tonge: Tunamuaga Mwalimu Zakaria Kipkemboi

Mwalimu Zakaria Kipkemboi anastaafu tarehe 30 Juni 1952, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya misheni hapa Nakuru kwa miaka ishirini na sita. Metroni, mkuu wa wauguzi, alitafuta mtu wa kuandika habari zake na, kama ilivyo haki, akaja jikoni. Mimi Waithaka, mpishi mkuu, nimelipikia jeshi Abisinia na Burma, nimeona hospitali zenye lifti, na nawaambia wazi: mwalimu kama huyu sikumwona huko kote. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini somo lake la tumbo nalijua lote, maana lilifundishwa kwenye baraza ya jikoni kwangu.

Alikuja akiwa kijana wa kufua bandeji. Akawa dresa wa kufunga vidonda, akasoma zaidi, mwishowe akapewa wanafunzi wauguzi awafundishe mwili wa mtu. Mifupa aliifundisha vizuri, moyo pia. Lakini tumbo ndilo alilolipenda. Alikuwa akisema nusu ya wagonjwa wanaoingia lango hili wanaingia wamelishika.

Kila Alhamisi tulichinja kondoo wa chakula cha wagonjwa. Kabla sijamkata vipande, Mwalimu aliyatandaza matumbo yake kwenye baraza, na tonge la ugali likaanza safari. Mwanafunzi mmoja alilitafuna mpaka likawa tamu mdomoni. Utamu huo, alisema Mwalimu, ni mate yameanza kazi kabla tumbo halijajua kuna mgeni. Mwingine alimezeshwa maji akiwa amelala, kichwa chini kuliko miguu, ili waone kwamba umio hujibana na kusukuma wenyewe, haungoji chakula kiteremke kama maji ya mfereji.

Sasa hapo palikuwa na hatari. Kondoo ana matumbo manne, na wanafunzi wetu, waliozaliwa kwenye mifugo, waliyajua yote kwa majina ya kwao tangu utotoni. Kila mara Mwalimu aliwaambia: haya matatu ni ya mla nyasi, wekeni kando, mtu ana moja. Alhamisi moja ya mwaka 1950 aliitwa wadini mbio, kuna mtu ameungua moto, kabla hajafika kwenye onyo hilo. Wanafunzi wakalimalizia somo wenyewe kwa raha zao, wakiongozwa na Jeruto, msichana wa Molo mwenye sauti kushinda kengele ya kanisa.

Wiki ile ile akafika mkaguzi, mama mmoja wa Kizungu kutoka Nairobi. Akauliza chakula kikishamezwa kinakwenda wapi. Jeruto akajibu bila wasiwasi kwamba kinaingia tumbo la kwanza, kinakaa hapo, na mtu akipumzika jioni kinarudi mdomoni kutafunwa upya.

"Umewahi kumwona mtu akicheua?" akauliza mkaguzi.

"Babu yangu," akasema Jeruto, "lakini nilidhani ni tumbaku."

Sisi jikoni tulicheka mpaka tukashika meza. Jeruto hakucheka. Mkaguzi alisema atarudi baada ya miezi mitatu, na atakayeshindwa tena atafungasha vitu vyake. Kwa wengine hiyo ilikuwa aibu tu. Kwa Jeruto ulikuwa mwisho: babake alikuwa amempa mwaka mmoja wa kujaribu uuguzi, na kule Molo mahari yake ilishaanza kuzungumzwa na mtu wa rika la baba huyo huyo.

Mwalimu alimwambia mkaguzi mbele ya wote kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyeliacha somo katikati. Kisha akaja jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi. "Waithaka, wewe uliyezunguka dunia, ni mnyama gani ana tumbo kama la mtu?"

Mimi nimewapikia maofisa. Nikamwambia: nguruwe.

Basi nani alipanda lori la viazi mpaka kwa setla, Mzungu mwenye shamba kule Molo? Mimi. Nikarudi na matumbo ya nguruwe ndani ya debe, dereva akiniuliza njia nzima kama kweli mtu aliyeokoka hubeba nguruwe. Wanafunzi walifunga pua. Mwalimu mwenyewe hali nguruwe mpaka leo, lakini alikunja mikono ya shati, akatandaza yote, na safari hii hakuondoka.

Tumbo moja tu, mfuko wa kukanda, wenye maji makali ya kugeuza chakula kuwa uji. Chini yake mlango mdogo unaoufungulia uji huo kidogo kidogo. Halafu utumbo mwembamba, ambamo nyongo inayotoka kwenye ini huvunja mafuta kama sabuni kwenye sufuria zangu, na maji ya kongosho humalizia yaliyobaki. Aliupasua, wakapitisha vidole ndani: laini kama taulo, kwa sababu una vinyweleo vingi vya kunyonya chakula na kukitia kwenye damu. Mwisho utumbo mpana, wa kukamua maji. Ukiharakisha, mtu anahara. Ukichelewa, anafunga choo. Jeruto aliirudia safari hiyo akifua, akipiga pasi, akisukuma kigari cha chakula, mpaka mimi nikawa naiota.

Mkaguzi aliporudi, hakuuliza matumbo ni mangapi. Alimpeleka Jeruto kwa mzee wa Rongai aliyekuwa amepasuliwa tumbo juzi yake. Akamwuliza: huyu analia njaa, je, apewe uji? Jeruto alijua kwamba utumbo ukishikwashikwa na daktari hulala, na mgonjwa akilishwa ukiwa umelala, anavimba na anaweza kufa. Dalili ya kuamka kwake pia aliijua. Lakini msichana wa kwetu amwulize mzee mwenye mvi kama amejamba? Mwalimu alisimama mlangoni akitazama viatu vyake.

Jeruto aliweka kipimo cha kusikilizia tumboni mwa mzee, akasikiliza, akainama kwa heshima. "Baba, upepo umepita?"

Mzee akageukia ukuta. "Unaniuliza mimi hivyo? Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Molo, baba. Umepita?"

"Bado."

"Basi leo hapati uji," Jeruto akamwambia mkaguzi. Na hivyo akabaki kwetu.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mwalimu mwenyewe alipasuliwa, ngiri ilikuwa imebana utumbo. Siku ya pili nilimpikia uji wa wimbi, nikaufikisha mpaka mlango wa wadi. Jeruto, ambaye sasa ni muuguzi kamili na sote tunamwita Sista, akanizuia kwa mkono, akainama kitandani.

"Mwalimu, upepo umepita?"

Mtu aliyefundisha wauguzi kuuliza swali hilo bila haya alivuta blanketi mpaka puani. "Jeruto, wewe unanijua mimi."

"Nakujua sana, Mwalimu. Umepita?"

Akageukia ukuta. Nikarudi na uji, nikaupasha, nikaja tena. Bado anatazama ukuta. Mara ya tatu alinong'ona kitu ambacho sikukisikia, lakini Jeruto alisikia, akanipisha. Mwalimu alikunywa bakuli zima huku machozi yakimtoka, akasema uji ni wa moto. Niliupasha mimi. Haukuwa wa moto.

Kuanzia Julai, somo la tumbo liko mikononi mwa Sista Jeruto, na nguruwe nitaendelea kumleta mimi. Kwa niaba ya wote waliopona hapa bila kujua ni nani aliyewanyima uji, asante, Mwalimu. Nenda kwa mama na ng'ombe wako, ule vizuri, utafune polepole, uishi miaka mingi. Na tunakuombea upepo upite kila siku, bila kuulizwa.