Sufuria ya Bi Mwanahalima Haitoki Misugusugu

Asalaam aleikum, na wenzetu Wakristo Bwana asifiwe, poleni na msiba. Mimi naitwa Kidawa, ni mke mwenzie marehemu, yule mdogo. Ndugu wa ukoo walitaka historia hii isomwe na mwalimu Hussen, na wasichana wale mnaowaona pale nao waliomba waisome wao, nikawakatalia wote, kwa sababu kusoma nimejifunza ukubwani, na aliyenishika mkono kunipeleka darasa la watu wazima ni marehemu, kwa hiyo hii ni ya kwangu, mnivumilie nikienda polepole.

Marehemu Mwanahalima Mwinyijuma alizaliwa tarehe 3 Juni 1962, Maneromango, wilaya ya Kisarawe, akasoma hukohuko mpaka darasa la saba mwaka 1977. Mwaka 1979 alichukuliwa kuwa mhudumu wa zahanati, akaanza kwa kufua mashuka, baadaye wakunga wakamfundisha kazi za wodi ya wazazi, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 2022.

Aliolewa tarehe 8 Agosti 1982 na mume wetu, marehemu mzee Mbaraka wa Magindu, wakajaliwa mtoto mmoja, Hamza, huyu aliyekaa mbele. Mimi niliolewa nyumba hiyohiyo mwaka 1991, na siwezi kusema tulipendana, salamu zetu zilikuwa zinapitia kwa mtoto. Lakini mwaka uliofuata nilipojifungua Tunu, nina miaka kumi na saba, mama yangu ameshafariki, sina wa kunikanda, nikaona mlango unafunguliwa, anaingia Bi Mkubwa na sufuria ya maji, akaniambia, "Geuka, bi mdogo, wivu tutaendelea nao baada ya arobaini." Arobaini yote alinikanda yeye, na kuanzia pale wivu wangu kwa mzee ukaisha, ukahamia kwake mwenyewe, sikutaka ile mikono imshike mtu mwingine. Mzee alipofariki mwaka 2009 tukahamia hapa Misugusugu, wajane wawili kwenye nyumba aliyotuachia, na nikajua sasa nimebaki naye peke yangu.

Aprili 2024 maji ya mto yakaingia vijijini bondeni, watu wakahamishiwa kwenye shule moja ya msingi upande wa Kisarawe, na marehemu, mstaafu mwenye presha, akafunga sufuria yake kwenye kanga, akasema anakwenda siku mbili tatu kuwaona watu wa kwao. Mwezi ukaisha hajarudi, nasikia tu kuna wasichana wa kambini hawamwachii. Nikamfuata, sikwenda kusaidia, nilikwenda kuona ni wasichana gani hao wanaonikalia na mwenzangu.

Nikakuta watoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita, wengine na mimba, wengine na vichanga, unga wanapewa, mablanketi wanapewa, lakini hakuna aliyekubali kupanga foleni mbele ya shangazi zake aende kumweleza nesi kwamba anatoka damu, au anataka uzazi wa mpango. Sista Marselina, ndiye nesi wa kambi, tunaye hapa, dawa alikuwa nazo, wa kuzungumza naye ndiye hakuwa naye. Marehemu akaomba awakande nyuma ya pazia la kanga, kwa kuwa mama zao wako mbali, sista akakataa, akasema maji ya moto na kukandamiza matumbo vimeshaumiza wazazi wengi. Walibishana wale, mimi nasikiliza, mwisho wakakubaliana, maji yawe ya vuguvugu, tumbo lisikandamizwe, mshono usiguswe, na kikionekana kitu kibaya, msichana aombwe ruhusa kwanza, kisha sista aambiwe.

Ndani ya pazia lile ndipo wakaanza kusema. Anifa, aliyekuwa na miaka kumi na sita na kichanga mkononi, kila akiulizwa na sista alijibu hajambo, ila marehemu alipomshika miguu akaona inaunguza, na damu ina harufu, akamwambia, "Mwanangu, huku si kujifungua, huku ni kuumwa, niruhusu nimwite sista." Akakubali, akapelekwa hospitali, akapona, njia ya uzazi wa mpango akachagua mwenyewe, na leo amerudi shule.

Kambi ikafungwa, nikashukuru, kumbe nimeshukuru mapema. Wakawa wanakuja hapa nyumbani, chumba cha nyuma, wakiletana na wenzao mpaka kutoka Magindu, wote wanamwita mama, wanakula pilau yangu wanamshukuru yeye.

Machi 2025 marehemu alianza kuvimba miguu, ikaonekana figo zimeathirika kwa presha, akalazwa hapa Kibaha, na hata wodini muuguzi alipouliza ndugu wa mgonjwa ni nani, wasichana wakajibu kwa pamoja, "Sisi," ikabidi niwapite kwa bega. Alifariki tarehe 11 Agosti 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa kwenye wangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa zahanati, majirani wa Misugusugu waliopika na kulala hapa, na sista Marselina.

Mwisho, jana ndugu wamesema chumba cha nyuma kipangishwe, na Anifa akanijia kwa adabu zote, "Shikamoo mama mdogo, tunaomba sufuria ya mama, tukaiweke kwenye kikundi chetu cha wasichana iwe kumbukumbu." Nawajibu wote hapahapa, na Hamza tumeshakubaliana, chumba hakipangishwi, na sufuria haitoki, haiendi kukaa kavu kwenye kabati la watu. Kuna binti wa Magindu amejifungua Alhamisi, hana wa kumkanda, na sista ameshanielekeza cha kuangalia. Aletwe hapa. Nanyi mliozoea, njooni, mlango ni uleule, ila safari hii pilau mtanishukuru mimi.

Pumzika kwa amani, Bi Mkubwa, maji nimeshabandika.