Ambrose Mwaluma na Njia ya Kuzunguka Hekalu

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia, tunawaomba mtulie tuwasomee maisha ya mpendwa wetu Ambrose Mwaluma, Baba Emma, kama alivyoyaishi, pamoja na yale ambayo mjane wake ameomba yasifichwe.

Ambrose alizaliwa tarehe 12 Machi 1971 huko Wundanyi, Taita, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mwalimu Mwaluma na Mama Wakesho, akasoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, kisha sekondari mjini Voi hadi mwaka 1989, akajifunza ujenzi Nairobi, na mwaka 1998 akaja London kusomea uhifadhi wa majengo ya kale, hasa plasta na rangi za ukutani, fani aliyoipenda mpaka mwisho.

Tarehe 9 Agosti 2003 alifunga ndoa na Ann, binti wa Mzee Kamande wa Nyahururu, muuguzi, katika kanisa hili hili la Peckham, na mwaka 2006 Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Emma.

Kwa miaka mingi alitengeneza dari na kuta za makanisa, hadi mwaka 2015, jengo moja la ofisi lilipobomolewa kusini mwa mto na chini yake yakaonekana mabaki ya hekalu la Kirumi, naye akaitwa kuunganisha vipande vya plasta ya kuta zake, akishirikiana na msanifu majengo Gurpreet wa Harrow, ambaye wazazi wake walitoka Nakuru, hivyo wawili hao walifanya kazi wakiongea Kiswahili.

Ambrose alizoea kutueleza kwamba hekalu lile halikufanana na yale makubwa ya Roma kwenyewe, kwa kuwa London wakati huo ilikuwa mji wa pembezoni, bali lilikuwa chumba kimoja cha mraba, kirefu kwenda juu, cha kuwekea sanamu ya mungu wao, na pande zote nne kilizungukwa na ushoroba wenye nguzo fupi na paa la vigae, ambamo watu walitembea wakikizunguka chumba bila kuingia. Marumaru haikupatikana karibu, kwa hiyo mchoraji aliiigiza kwa brashi, akatia madoa ya manjano na zambarau juu ya chokaa, akapaka wekundu mzito katikati ya ukuta, na juu kabisa akachora mizabibu na ndege wadogo, kila ndege akitazama upande ule ule ambao watu walielekea.

Vipande vilipounganishwa, Ambrose alijaza mapengo kwa chokaa mpya, lakini baada ya miezi michache chokaa hiyo ilikuwa imelainika na kung'aa kwa kimo cha bega, kama ukuta wa njia inayopitwa na watu kila siku, ilhali ukumbi wa maonyesho uliojengwa juu ya mabaki hayo ulikuwa bado haujafunguliwa kwa wageni. Alifikiri ni mtikisiko wa treni za chini ya ardhi, akafikiri ni upepo wa mashine, na mwishowe, mwaka 2019, yeye mwenyewe akashauri ushoroba ule uzibwe kwa kioo huku na huku, plasta isiharibike zaidi.

Wiki hiyo hiyo hatua zilianza nyumbani. Walikuwa wakila chakula cha jioni Emma alipouliza, kwa Kiingereza chake, ni nani anayetembea nje ya dirisha la chumba chake, na wote walijua kwamba fleti yao iko ghorofa ya tatu na upande ule hakuna baraza wala ngazi, ni hewa tupu. Hatua zilipita nje ya chumba cha Emma, zikakunja kona, zikapita nyuma ya jiko, zikazunguka nyumba nzima taratibu, zikaanza tena. Mama Ummukulthum, jirani wa chini, mwenyeji wa Mombasa, alipanda kuuliza ni fundi gani anatembea kwenye kuta zao, na akina mama wa kanisa walikuja kuomba, lakini mwendo haukuongezeka wala kupungua.

Ann anasema kilichomtisha zaidi si hatua, ni mumewe, ambaye, akitembea sebuleni mwake mwenyewe, alianza kusogea kando na kubana mgongo ukutani.

"Baba Emma, unampisha nani?" akamwuliza.

"Kuna mtu anapita," akajibu, kisha akamweleza habari ya kioo.

"Basi kama umemfungia njia, mfungulie," Ann akasema, "maana hapa kwangu si kwake."

Kesho yake Ambrose alimweleza Gurpreet yote bila kupunguza, na Gurpreet hakucheka wala hakukubali, bali aliomba waende wakaangalie. Kwenye kioo, kwa kimo cha mtu mfupi, walikuta ukungu mdogo kama wa pumzi, Gurpreet akaufuta kwa mkono wa shati, haukutoka, akafuta tena, ndipo akatambua kwamba ulikuwa upande wa pili, kule kulikozibwa. Alikwenda mwenyewe kuleta vifaa, na wakakiondoa kioo huku na huku kabla ya chakula cha mchana.

Nyumba ikatulia tangu siku hiyo. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 2021, na kila mwaka Ambrose alirudi kuweka chokaa pale palipolika, bila manung'uniko, akimwambia Ann kwamba kuta zote alizopata kuzitengeneza zilikuwa za kutazamwa, ila huu peke yake ndio uliokuwa na kazi.

Mwishoni mwa 2023 alianza kukohoa, madaktari wakagundua ugonjwa wa mapafu, akatibiwa kwa zaidi ya mwaka, mpaka Jumapili tarehe 2 Februari 2025. Mchana huo, hospitalini, aliomba kitanda kisogezwe mbali na ukuta, na muuguzi wa zamu akakisogeza. Emma, ambaye siku zote hujibu kwa Kiingereza, alimshika mkono akamwambia kwa Kiswahili, "Baba, nipo hapa, usihangaike." Ann alikuwa ameketi katika nafasi ile kati ya kitanda na ukuta, na ilipofika saa kumi, bila kuambiwa na mtu, aliinuka, akavuta kiti chake pembeni, akasimama kupisha. Alipogeuka kumtazama mumewe, Ambrose alikuwa amekwisha kwenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wote wa Peckham wakiongozwa na Mama Ummukulthum, aliyepika siku zote za msiba, akina mama wa kanisa, na wafanyakazi wenzake pamoja na Gurpreet, ambaye ameufunga ukumbi kwa wageni leo ili wote wafike hapa, na ambaye ameahidi kwamba ushoroba ule hautazibwa tena.

Baba Emma, mume, baba na ndugu yetu, njia yako iwe wazi, nawe upumzike kwa amani.