Asishitakiwe Ruizhen

Sikilizeni wanangu, na wewe Shouren uliyesimama mlangoni na koti mwilini kama mgeni anayewahi treni, njoo ukae hapa kitandani, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupaza sauti. Ugomvi wenu wa jikoni nimeusikia. Umemwambia Ruizhen, mjane wa mdogo wako, kwamba sindano zake ndizo zinazoniua, na mkishanizika utampeleka polisi. Basi ushahidi uuchukue kwangu ningali na kinywa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Viungo vyangu vilivimba hata nikashindwa kushika bakuli la uji. Wewe ukanitumia vidonge kutoka mjini Taiyuan, navyo vilinituliza, nikavimeza mwaka hadi mwaka, wala hakuna kati yetu aliyejua kuwa vinakula figo, mpaka nilipotapika damu na daktari akanikataza kuvigusa tena. Maumivu yakarudi na ndugu zake. Nililia mbele ya wajukuu.

Hapo ndipo Ruizhen alipoleta sindano zake zisizo na dawa ndani, nyembamba kama unywele, za kuchoma mwilini ili maumivu yatulie, kama alivyofundishwa na baba yake. Nikamwambia mimi si mto wa pini. Akasema, "Mto haunung'uniki, mama. Nyoosha mguu." Mara ya kwanza sikuona kitu, nikamtukana. Lakini kabla kunazi hazijaiva nilikuwa nakanda unga wa tambi kwa mikono hii. Na hakunidanganya hata siku moja, alisema, "Ugonjwa siuondoi, napunguza makali yake tu. Figo ni za daktari." Akawa ananisukuma kwa mkokoteni hadi hospitali, theluji ikianguka.

Figo ndizo zinazonichukua, Shouren. Si yeye. Wala si wewe. Nakujua tangu ukiwa tumboni: unatafuta wa kumtwika kwa kuwa unaogopa mzigo ni wako. Utue. Vidonge vile ulivituma kwa mapenzi.

Shamba la mikunazi ni lako. Chumba cha mashariki ni cha Ruizhen na binti yake, hata akiolewa tena, na atakayemtoa humo amenitoa mimi kaburini. Nilazeni kilimani karibu na baba yenu, msikodi wapiga tarumbeta.

Sasa maumivu yamepanda. Ruizhen, mwanangu, lete sindano... mbona umeishikilia tu? Shouren, shika mguu wangu. Usitazame ukutani, nitazame mimi. Hataichoma mpaka umruhusu, anakuogopa. Mwambie.

...Sema tena, hakusikia.

"Mchome, shemeji. Taratibu."

Haya. Nimesikia, na wazee wetu wamesikia. Wawape riziki isiyokauka... na nyumba isiyo na mlango wa kufungiana... wawape...

Mguu umekuwa mwepesi. Usiuachie bado, mwanangu.