Sauti Iliyokwama Dakika ya Nne

Mvua ya Taipei wakati wa baridi hainyeshi, inaning'inia. Siku hiyo ilining'inia tangu asubuhi, na barazani kwa fundi Bing-hong, uchochoro mmoja nyuma ya soko la kompyuta, birika la chai lilifuka mvuke pembeni ya benchi, na benchi lilikuwa na watu wake wale wale. Alikuwapo Mzee Kho, fundi feni mstaafu, jina la kijiweni Pangaboi. Alikuwapo Shu-hui, muuza tiketi za bahati nasibu, basi naye wakamwita Bahati. Bing-hong mwenyewe alikuwa Kasi, maana hakuna mashine iliyopita mikononi mwake ikaachiwa mwendo iliozaliwa nao. Na katikati ya benchi, kama mgeni rasmi, iliketi kompyuta ya Bibi A-Hun. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe, A-Tiong, dakika saba tu, aliyoirekodi akimwelekeza mkewe namna ya kuitumia mashine hiyo. Miaka minne Bibi aliisikiliza kila alasiri. Wiki iliyopita Kasi akaongeza kijiti cha pili cha RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, akaipandisha mashine mwendo. Tangu hapo sauti inakwama dakika ya nne, na hata kuinakili kunakwama papo hapo.

— Bonyeza tena, — alisema Bibi.

Kasi akabonyeza. Kikaja kwanza kile kikohozi cha A-Tiong, kisha mwenyewe: “A-Hun, kaa vizuri. Usiiogope, haing'ati…” Chai ikapoa mikononi, sauti ikitembea taratibu mle barazani kama mtu mwenye ndara. Ilipofika dakika ya nne: “Ukimaliza, usi… usi… usi…”

Kama mtu unayemwamsha naye haamki. Bibi alitazama kikombe chake. Wiki nzima sasa ile “usi” ilikuwa inamfuata mpaka jikoni.

— Joto hilo, shemeji, — alisema Pangaboi. — Dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya joto ni kigugumizi.

— Joto gani, mzee, na sisi tumevaa makoti? — Kasi akauliza.

— La ndani, we mtoto. Kijiti cha zamani na kijiti kipya, makampuni mbalimbali, umewabana bega kwa bega halafu unawakimbiza. Mimi na mke wangu tulioana kwa hiari, na bado tulihitaji feni mbili.

— Mimi nilisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji amepona?

— Kapata homa, — alidakia Bahati. Macho yake yalikuwa juu ya kompyuta, kwenye ile pakiti ya kijani ya bisi za nazi inayowekwa juu ya kila mashine ya mji ule ili iwe na adabu. Akainyanyua. Akaitikisa sikioni. — Kasi, mbona nyepesi?

Kasi akakuna kisogo.

— Kasi.

— Nilikuwa na njaa, dada.

— Umekula adabu ya mashine ya watu.

— Ilibaki wiki moja tu iharibike. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Mwana mwenyewe si wako tangu mwanzo, ni wa Bibi A-Hun.

Bibi hakucheka, ila bega lake lilitikisika kidogo. — Hicho kijiti kipya kilitoka wapi? — akauliza.

— Duka la michezo ya kompyuta, kule kwenye vijana wanaopigana kwenye skrini.

— Kumbe, — Pangaboi akaweka kikombe chini. — Kimezoea vita hicho. Kinamsikia mtu mpole anaongea, kinangoja risasi. Ndiyo maana kinachutama.

— Hakichutami, kinaota, — alisema Bahati. — Kinaota kwao.

— RAM haioti, dada. Ukizima umeme inasahau kila kitu.

— Sasa anayesahau kila siku asipoota atafanya nini?

Kasi akajimiminia chai. Mvuke ulipanda mpaka kwenye taa ya baraza ukakaa pale.

Ndipo akaingia mama wa posta, koti lake la mvua linachuruzika, na barua ya rejista ya Kasi mkononi. — Muhuri wako wa kupokelea, kaka, — alisema. Kasi akaanza kupekua droo kuutafuta. Kompyuta nayo, hakuna aliyekuwa ameinyamazisha: usi, usi, usi.

— Inaumwa? — mama wa posta akauliza.

— Imekwama, — alisema Bibi.

— Na zamani ilikuwaje?

— Polepole, mwanangu. Ukiiwasha unachemsha maji, unamenya chungwa, ndipo inafunguka.

— Sauti ilifika mwisho?

— Kila siku.

Mama wa posta akapangusa maji usoni. — Sasa mlitaka iwahi wapi?

Muhuri wa Kasi ulikuwa hewani, haujagusa karatasi. Pangaboi akaangalia mvua. Bahati akazipanga tiketi zake, ambazo zilikuwa zimepangika. Bibi A-Hun akaigeukia kompyuta, maana ni yeye aliyemwambia Kasi kwamba mashine inachelewa. Inachelewa kwenda wapi, na maji yanachemka, na chungwa linanukia mpaka chumbani?

Muhuri ukapigwa. Mama wa posta akashukuru, akaenda zake.

— Kitoe, — alisema Bibi.

— Na mwendo?

— Urudishe ulivyokuwa.

Kasi akakitoa kijiti kipya, akakitia mfukoni mwa shati, akaushusha mwendo. Mashine ikaanza kuamka, polepole, kama zamani. Pangaboi akamimina chai. Birika likatoa matone mawili, chai ikaisha. Bahati akatoa mkobani pakiti nyingine ya kijani, akasoma tarehe, akaiweka juu ya mashine kwa mikono miwili. Wakangoja.

Kikohozi. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

“Ukimaliza, usichomoe waya, nakujua wewe. Iache izime yenyewe.” Ikaendelea, ya tano, ya sita, mpaka pale mwisho: “Umeona? Haya, A-Hun. Zima hiyo, tukale.”

— Nakuja, — alisema Bibi, kama anayemjibu mtu aliye jikoni.

Akabonyeza kitufe cha kuzima. Akakaa hapo hapo, akaiacha izime yenyewe.