Mkeka wa Salome Nilioukuta Ukutani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa mbele, asifiwe na ninyi mliokaa nyuma kabisa, maana hata huko nyuma anawaona. Mimi ndimi Agata, mjane wa Yohana, mzaliwa wa Mbwera, niliyeolewa hapa Mtunda. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikikosea maneno mnisamehe. Ila majina sisahau. Na jambo hili sitalisahau hata nikizikwa.

Ndugu zangu, miaka kumi na saba nilikuwa mfungwa. Sikufungwa kamba wala pingu, nilifungwa na chuki. Niliyemchukia ni wifi yangu Anjela, dada wa tumbo moja na Yohana, nyumba yake ya tatu kutoka kwangu.

Nilikuwa na binti mmoja, Salome. Alipochumbiwa nilimsukia mkeka. Ukindu niliufuata mwenyewe kwetu Mbwera, nikaupaka rangi, nikasuka ukili, nikashona. Pembeni kabisa rangi ya zambarau iliniishia, nikamalizia na nyeusi. Salome akacheka: "Mama, mkeka umevaa kiraka!" Lakini aliupenda. Kila alfajiri aliutandika, akapiga magoti juu yake kusali rozari.

Harusi haikufika. Homa ilimshika siku tisa, akafia juu ya mkeka ule ule. Sisi Wakristo hapa ni wachache. Majirani zetu Waislamu, kina Mzee Shamte na Bi Mwanahawa, ndio waliotusitiri. Wanaume walichimba kaburi, wanawake walinishika nisianguke. Mungu awakumbuke!

Tuliporudi kutoka makaburini, mkeka haupo. Nikauliza huku na kule. Bi Mwanahawa akasema alimwona wifi Anjela akitoka nao kwapani, umekunjwa. Ndugu zangu, ninyi ni watu wa huku, mnajua kitu alicholalia maiti kikichukuliwa kimyakimya watu huwaza nini. Niliwaza hivyo hivyo. Nikasema wifi kaupeleka kwa mganga. Nikasema ndiye aliyemmaliza mwanangu, na sasa anataka kunimaliza na mimi. Nikayasema kisimani, watu wakisikia!

Tangu hapo sikumsalimu. Akipita, natema mate. Mume wangu Yohana akafa akinibembeleza, "Mama Salome, yule ni dada yangu." Sikumsikia. Na komunyo nikaacha, maana ningepokea vipi nikiwa na moyo wa namna ile? Nikienda kanisani nakaa mlangoni, wenzangu wakiinuka mimi nainama. Hofu yangu ilikuwa moja tu: nimezeeka, nitakufa hivi hivi.

Mwaka huu kina mama wa parokia tulikodi basi kwenda kutembelea makumbusho ya kanisa. Mimi nilifuata safari, sikufuata sala. Tukaoneshwa misalaba ya mpingo, kengele za zamani, Bikira Maria aliyechongwa na fundi wa kwetu, amejifunga khanga kiunoni kama mama anayetoka shamba. Tukaoneshwa rozari za mbegu, na vitu vingi ambavyo waamini wa kawaida walivitumia kusali majumbani.

Basi nikainua macho. Ukutani, mkeka. Nikatazama pembeni. Zambarau, zambarau, zambarau, halafu nyeusi!

Ndugu zangu, kazi ya mkono wangu naijua. Nikakaa chini sakafuni. Katibu wetu, Veronika, akanijia mbio akidhani ni presha. Nikamwambia, "Nisomee kikaratasi kile." Akasoma polepole: "Mkeka wa kusalia, kutoka Mtunda. Umetolewa na Bibi Agata, kwa kumbukumbu ya binti yake Salome."

Mimi! Nimetoa mimi!

Usingizi sikuupata mpaka tuliporudi. Asubuhi nikaenda kwa wifi Anjela. Nikamkuta uani anapeta mchele. Akaniangalia kuanzia miguuni.

"Umepotea njia?"

"Wifi, nimeuona mkeka."

Ungo ukasimama. "Umeliwa na mchwa?"

"Haujaliwa. Umetundikwa ukutani, watu wanaupiga picha."

"Basi kaa. Chai inakaribia kuchemka."

Ndipo akanieleza. Salome alipoona haponi, alimwita yeye, shangazi yake, kama binti anavyomwambia shangazi yale asiyoweza kumwambia mama. Alimwambia, "Mkeka wangu mpe padri, ukae mahali pa sala. Mama akiuona nyumbani kila siku atakufa." Wifi akaupeleka siku ile ile ya maziko. Padri akampelekea anayekusanya vitu vya makumbusho, na walipouliza jina la mtoaji, wifi akataja langu.

"Kwa nini langu?"

"Mkeka ni wako. Mimi mikono hii haijui kusuka hata kawa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuja mara mbili. Ya kwanza ukanifungia mlango. Ya pili ukanimwagia maji ya vyombo. Ya tatu ningengoja nini, mafuta ya moto?"

Nikacheka, ndugu zangu! Nikacheka huku nalia, nikapiga magoti penye pumba za mchele, nikasema nisamehe. Akasema, "Inuka, kizee, magoti yako yakikwama hapa nani atakuinua?" Akaniinua yeye. Jumapili ile nilitubu kwa padri, nikapokea komunyo, wifi Anjela yuko nyuma yangu kwenye mstari. Na kisimani nilikomtukana nikarudi, nikasema mbele ya wote kwamba nilisema uongo.

Namshukuru Mungu aliyeutunza mkeka ule mpaka macho yangu yakafunguka! Kama yupo hapa mwenye wifi, mwenye jirani, mwenye ndugu aliyemhukumu bila kumuuliza, nakuomba usingoje miaka yangu. Nenda leo, ukaulize. Mungu atakuwa ametangulia kufika.

Sasa tumeanza mkeka mwingine, mimi na yeye, wa kutandika mbele ya altare. Ukili wake wifi umepinda kama mkondo wa mto wetu. Nimeushona hivyo hivyo. Mkija kupiga magoti mkauona, msiufumue.